Maneno Si Yangu

Wimbo wa taarab hupita katika mikono mitatu kabla ya kumfikia msikilizaji. Kuna mtunzi wa shairi, aghlabu mtu mkimya asiyependa jukwaa, ambaye hutoa beti zake zikiwa zimetimia vina na mizani. Kuna anayezitia sauti, fundi wa udi, fidla au kinanda, ambaye huzitafutia beti hizo mahadhi ya kuzibeba. Kisha yuko mwimbaji. Wasikilizaji humjua huyu wa mwisho. Humtunza yeye, humpigia vigelegele yeye, na wakirudi majumbani husema wimbo ni wake. Lakini itokeapo kwamba neno limemchoma mtu ukumbini, na mtu huyo akaja kudai, mwimbaji huwa na mlango wa kutokea ambao mtunzi hana. Husema: maneno si yangu, mimi naimba tu.

Nimeishi na maneno hayo kwa muda mrefu kwa kuwa ni kinga yangu mimi pia. Mfasiri naye ni mwimbaji wa namna yake. Ninapofasiri shairi la mtu wa mbali, likiwa tamu watu hunisifu mimi. Likiwa na ukali dhidi ya dini, dola au desturi, nami huwaambia kwamba mwenyewe ndivyo alivyoandika. Miaka zaidi ya ishirini nimekaa chini ya kivuli hicho, na sioni haya kusema kwamba ni kivuli kizuri. Makala haya yanawahusu watu waliotoka chini yake baada ya kukizoea: waimbaji waliojulikana kwa maneno ya wengine, ambao siku moja wakaanza kuimba ya kwao.

Mfano wa kwanza hapana budi uwe Siti binti Saad, ingawa najua kwamba kuwasimulia Waunguja habari za Siti ni sawa na kumpelekea Mpemba zawadi ya karafuu. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza hali ya wazazi wake waliokuwa na asili ya bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi. Husimuliwa kwamba alipokuwa akitembeza vyungu, watu waliitambua sauti yake ya kunadi kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akakutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa mwaka 1905, ambaye alimfundisha kuimba. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Nyimbo za mwanzo alizozitukuza zilikuwa za Kiarabu. Yaani maneno ya watu wengine katika lugha ya watu wengine, nazo alizihifadhi kichwani neno kwa neno, akaziimba mbele ya mabwana walioijua lugha hiyo tangu utotoni, hadi kasri ya Sultani.

Tuitafakari kidogo elimu hiyo. Mtu anayehifadhi wimbo kwa macho huweza kuuruka mshororo na asijue, karatasi itamkumbusha. Anayehifadhi kwa sikio hana pa kuegemea. Lazima ajue kwa nini neno hili lipo hapa na si pale, pumzi inakatika wapi, kina kinamngoja nani. Miaka ya kubeba maneno ya wengine namna hiyo ni chuo kikamilifu cha ushairi, ijapokuwa hakitoi cheti. Mimi niliyejifundisha utunzi kwa kusikiliza redio usiku, nikinakili beti kwenye daftari kabla hazijapotea, nadhani nina haki ya kulisema hilo.

Ndipo Siti akawa na kundi lake mwenyewe: Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam, Maalim Shaaban. Walikuwa wakikutana usiku nyumbani kwake Ng'ambo, na majirani walikuja na habari za siku: nani kafungwa, nani kadhulumiwa, hakimu kasema nini, mwanamke gani kaachwa na kwa sababu gani. Habari hizo zikageuka kuwa nyimbo za Kiswahili. Mwaka 1928 kundi lilisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti ya binti wa mfinyanzi ikaanza kusikika katika migahawa ya pwani na bara, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Wimbo wa Kijiti ndio ushahidi mkubwa wa mageuzi hayo. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyefanyiwa unyama na kuuawa Unguja na mtu aitwaye Kijiti. Mhalifu alitorokea bara, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi. Mtu anapoimba mapenzi kwa Kiarabu mbele ya Sultani, hahitaji kujieleza kwa mtu yeyote. Anapoimba kwamba mahakama ya serikali imewafunga mashahidi na kumwacha muuaji, katika mji ambao hakimu anapita barabarani na karani wake ana santuri nyumbani, hapo hawezi tena kusema kwamba yeye anaimba tu.

Watu wa kalamu wana tabia ya kuuliza: lakini ni nani hasa aliyetunga? Swali hilo huulizwa kwa upole, na nyuma yake kuna dhana kwamba asiyejua kuandika hawezi kuwa mtunzi. Kwamba lazima palikuwa na mwanamume mwenye wino. Mimi naliona swali lenyewe limekaa upande. Katika chumba kile cha Ng'ambo wimbo ulitoka kinywani, ukarekebishwa kinywani, ukapimwa kwa udi, ukaimbwa tena. Mmoja alileta habari, mwingine kina, mwingine kiitikio. Siti ndiye aliyekuwa mizani ya yote, maana neno lisilokaa kinywani mwake halikukaa katika wimbo. Huo ni utunzi. Washindani wake walipomkejeli kwa sura yake, alijibu kwa wimbo uliosema kwamba uzuri wa sura si kitu pasipo akili, na jibu lile lingali likiimbwa hali waliomkejeli hakuna anayekumbuka majina yao.

Sheikh Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa mshairi na mfasiri, alimwendea Siti katika siku zake za mwisho na kuandika wasifu wake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu ulichapishwa mwaka 1958. Napenda kuifikiria picha ile ya mwenye kalamu ameketi mbele ya mwenye sauti, akinakili. Kwa mara moja mikono ilibadilishana kazi.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyetuacha tarehe 17 Aprili 2013, alizidaka nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, na hakuziimba kama alivyozidaka. Alipunguza ubeti hapa, akachomeka lake pale, na ngoma ya unyago ikaingia mahali palipokuwa na fidla. Mwaka 2005 ulimwengu wa muziki ulimpa tuzo ya WOMEX. Sijui kama mtoaji wa tuzo alijiuliza alikuwa anamtuza mwimbaji au mtunzi. Bi Kidude, kwa alivyokuwa, nadhani asingekubali kuchagua.

Mwenye kudhani kwamba jambo hili ni la taarab peke yake atazame mbali kidogo. Katika kutafuta nyimbo za kufasiri nilikutana na habari za mwimbaji wa Uskoti, Karine Polwart, aliyezaliwa mwaka 1970. Kwao kuna hazina ya tenzi za masimulizi zisizo na mwenyewe, za mauaji, za mapenzi ya siri, za meli kuzama. Mmarekani mmoja, Francis James Child, alikusanya aina 305 za tenzi za Uskoti na Uingereza na kuzichapisha kati ya mwaka 1882 na 1898. Mwimbaji wa nyimbo hizo naye husema maneno si yangu, kwa sababu nyingine kabisa: mwenye maneno amekufa karne nyingi na hakuacha jina. Polwart aliziimba kwa miaka, na alikuwa sauti ya vikundi vya wenzake, Malinky na Battlefield Band. Vilevile alifanya kazi katika shirika la kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa majumbani. Kisha akatoa albamu ya peke yake, Faultlines, yenye nyimbo alizozitunga, na mwaka 2005 ikamletea tuzo tatu kwa mpigo katika tuzo za muziki wa asili za redio ya BBC.

Jambo lililonivutia zaidi ni lile alilofanya baadaye. Mwaka 2007, akiwa amekwisha kujulikana kwa utunzi, alitoa albamu nyingine ya nyimbo za kale. Alirudi kwenye maneno ya wafu kwa hiari yake. Tumezoea kuona utunzi kama ngazi ya juu na uimbaji kama ya chini, kana kwamba anayepanda haruhusiwi kushuka. Mwanamke yule aliingia na kutoka kama mtu mwenye nyumba mbili.

Hayo ya Unguja na Uskoti niliyajua kwa kusoma na kusikiliza. Nililoliona kwa macho liko hapa Ruhuwiko.

Ruhuwiko ni mtaa wa Songea wenye uwanja wa ndege, na milima ya Matogoro, unakochimbuka mto Ruvuma, ikionekana kwa mbali. Kutoka hapa hadi bahari ni kutwa nzima ndani ya basi. Mwezi wa sita na wa saba ni baridi. Watu huvaa makoti asubuhi, na mtu wa pwani akija hudhani amekosea nchi. Hata hivyo taarab ilitufikia, kwanza kwa redio, kisha kwa kanda, kisha kwa vinanda vya umeme katika kumbi za harusi. Ilitukuta tukiwa na ya kwetu. Wangoni wana lizombe, ngoma ya baada ya mavuno, ambayo maneno yake hayamwogopi mtu. Makanisani kulikuwa na kwaya zilizoanza na nyimbo walizokuja nazo Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, nyingi zikiwa zimefasiriwa kutoka lugha za kwao. Kwa hiyo mwimbaji mzuri wa hapa hukua na midomo mitatu. Mwimbaji wangu alikuwa nayo yote. Jumapili alikuwa sauti ya kwanza kanisani, Jumamosi alishika kipaza sauti harusini, na mwezi wa nane alikuwa katikati ya duara la lizombe, kitenge kimefungwa kiunoni, akijibizana na wapiga ngoma.

Nasema mwimbaji wangu kwa sababu ndivyo mtaa ulivyosema. Kwa miaka kumi na minne nilimwandikia maneno. Mtu akiozesha huja kwangu, hunieleza majina ya ukoo na tabia ya bibi harusi, nami hutunga beti sita au saba. Yeye hunijia jioni, nambie mara mbili, mara tatu, akaondoka nazo kichwani. Alisoma hadi darasa la saba na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, lakini karatasi hakuitaka. Sauti alizitia mwenyewe. Akitunzwa vizuri, kesho yake ilikuja fungu langu: fedha kidogo, au kuku, au debe la mahindi.

Wasomaji wa gazeti hili wanajua vina na mizani, kwa hiyo nitaruhusiwa kuingia kidogo jikoni. Mtunzi wa karatasi hupenda kina cha "ni", maana ni rahisi. Nusu ya maneno ya Kiswahili yanakubali kumalizia hivyo: nyumbani, moyoni, jamani. Siku moja katika mwaka wa pili wa kazi yetu aliimba ubeti wangu mmoja, akasimama, akasema, "Kaka, hapa umenifunga mdomo." Sikuelewa. Akaniimbia mshororo ule mara mbili. Alipofika kwenye "ni" ya mwisho, pale ambapo sauti inapaswa kuvutwa na kuzungushwa hadi watu wainuke kuja kumtunza, meno yalikuwa yamekaribiana na koo limebana. Kisha akaniimbia ubeti mwingine wenye kina cha "a", na chumba kikajaa. Tangu hapo nilijua kwamba kina cha kati kinaweza kuwa chochote, lakini kina cha mwisho, mahali pa kuvuta, kinataka irabu iliyo wazi. Hakuna kitabu cha arudhi kilichowahi kuniambia.

Mambo ya namna hiyo yaliendelea. Neno lenye silabi nzito mbili mfululizo alilikataa mwanzoni mwa mshororo kwa sababu bado hajashika pumzi. Fumbo la kina kirefu alilitaka liwe katika ubeti wa tatu, si wa kwanza, kwa kuwa ubeti wa kwanza watu wangali wanatafuta viti. Nikazoea. Ikafika wakati ambapo nikikaa kuandika, namsikia akikataa kabla sijamaliza neno. Nikitazama leo beti nilizoandika katika mwaka wa kumi na kuzilinganisha na za mwaka wa kwanza, naona mkono wake kila mahali, na jina lililo chini ni langu.

Basi akaja jioni moja, wakati ambao sikuwa na kazi ya harusi yoyote mezani. Akasema, "Kaka, safari hii usiandike. Nimekuja nayo mwenyewe."

Nikamwambia, "Iimbe, dada."

Ilikuwa habari ya jirani, mwanamke aliyefiwa na mumewe, ambaye ndugu wa marehemu walikuwa wamemwonyesha njia. Shamba dogo, nyumba, na mwembe mbele ya nyumba. Songea ni mji wa miembe. Kila mtu ana mwembe anaoukumbuka. Ubeti wa tatu ulikuwa huu:

Mwembe nilioupanda, nilipokuja harusi,
Kivuli mmekipenda, mmeketi kwa nafasi,
Mimi mwanambia nenda, mgeni, basi.

Msomaji amekwisha kuhesabu. Vipande vitano vina mizani minane kila kimoja; cha mwisho kina mitano. Mkono wangu ulikwisha kwenda kwenye kalamu. Dawa ilikuwa rahisi, hata mwanafunzi angeiona: "wewe u mgeni, basi." Minane kamili, kina salama. Lakini nilikuwa nimemwomba aimbe, naye alikuwa hajamaliza. Alipofika pale hakuharakisha wala hakuvuta. Aliacha mizani mitatu ipite mtupu, akiipiga kwa kidole juu ya meza, kisha akalitoa lile "mgeni" kwa sauti ya chini, kama wanavyolisema watu ambao hawataki majirani wasikie, na "basi" ikawa mlango uliofungwa. Katika lizombe nafasi ile huchukuliwa na ngoma. Mimi ningeijaza kwa "wewe u", maneno mawili yasiyosema chochote, na mwenye kusikiliza asingepata muda wa kuutazama mwembe.

Nikaiacha kalamu mezani.

Aliuimba mara ya kwanza katika ngoma ya mavuno, si harusini, na alichagua vizuri, maana harusini watu wamekuja kufurahi na bibi harusi hana hatia. Ngoma zilinyamaza pale zilipotakiwa. Wanawake wengine walilia. Kisha yakaja mambo mawili ambayo yote sikuwa nimeyatazamia.

La kwanza, nilipongezwa. Mshereheshaji alinitaja kwa jina kama mtunzi, na watu wawili walikuja kunishika mkono. Nilisema wimbo si wangu, ni wake mwenyewe, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Walicheka. Waliichukua kauli yangu kama unyenyekevu wa mzee, wakazidi kunisifu kwa huo. Nilirudia kwa mshereheshaji, ambaye ni kijana mwelewa. Akanijibu kwamba atarekebisha safari ijayo, ila watu hawataamini. Swali lile la Ng'ambo, nani hasa aliyetunga, nililisikia likiulizwa mbele yangu, na mwanamume mwenye wino nikawa mimi. Mwimbaji aliyasikia hayo yote. Hakusema kitu, ila mwezi huo hakuja nyumbani kwangu.

La pili lilikuja baada ya wiki moja. Mzee mmoja wa upande wa marehemu alinitembelea. Tulikunywa chai, tukazungumza mvua na bei ya mbolea, kama ilivyo desturi, na alipokuwa anaaga ndipo akasema alichojia: "Mwambie mtu wako auache ule ubeti wa mwembe. Kuna watoto katika ukoo ule."

Nikamjibu, "Mzee wangu, maneno si yangu."

Na kweli hayakuwa yangu. Sikusema uongo. Lakini nilipoyasikia yakitoka nilijua nimeyavaa kama koti la mtu mwingine na yamenikaa sawasawa. Kwa miaka kumi na minne yalikuwa koti lake. Akiulizwa kwa nini amemsema fulani, alinyoosha kidole nyumbani kwangu, nami nililipokea jambo na kulimaliza kwa chai kama hii. Sasa alikuwa amelivua na kulitundika, na nililikuta msumarini.

Mzee akatoka kwangu akaenda kwake. Jibu alilopewa nililisikia kwa watu, kisha kwake mwenyewe, na kwa wote lilikuwa moja: "Maneno ni yangu, baba. Mwembe ndio si wangu."

Gharama yake haikuwa ndogo, na ningekuwa nawadanganya wasomaji nikiiruka. Harusi mbili za ukoo ule na wa jamaa zao zilimpita, wakaitwa vijana wenye kinanda na nyimbo za kukariri. Katika kwaya aliambiwa na dada mmoja mkubwa kwamba sauti ya kanisa haifai kusemea mashamba ya watu. Mjane mwenyewe aliogopa kwanza, akamwomba wimbo upumzike. Baadaye, alipokwenda kwenye baraza la ardhi, ndiye aliyeomba uimbwe tena. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume, ilhali kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zimeendelea kumweka mjane ukingoni mwa mali aliyoichuma, na kati ya maandishi hayo mawili ndimo wanawake wengi wa vijiji na mitaa yetu wanamoishi. Shauri lile lilikwisha kwa nusu: nyumba na mwembe kwake na watoto, shamba kwa ndugu. Mimi sidai kwamba wimbo ulifanya hivyo. Baraza lilisikiliza mashahidi, na mashahidi walikuwapo. Ila najua kwamba wajumbe wawili walikuwa katika duara la ngoma usiku ule.

Kuna wanaoniuliza kama sikuumia kumpoteza mwimbaji. Debe la mahindi lilipungua, hilo ni kweli, na beti kadhaa nilizokuwa nimemwandalia zimelala katika mtoto wa meza kwa kukosa kinywa. Kumpoteza, hapana. Baada ya mwezi ule wa kimya alirudi, akaomba wimbo wa harusi wa binti wa rafiki yake, akasema yeye hajui kutunga furaha, huja haraka mno na kuondoka. Nikamtungia. Huko ukumbini alimwambia mshereheshaji, kabla ya kuanza, ataje nyimbo tatu za kwangu na mbili za kwake, kila moja kwa mwenyewe, na alisimama kimya na kipaza sauti mkononi hadi kijana alipomaliza kuyataja yote. Zile mbili zikitajwa bado wapo wanaogeuka kunitazama mimi.

Kwa upande wangu kivuli hakijakaa kama kilivyokuwa. Mwaka uliopita nilikuwa nafasiri shairi la mtu wa mbali kuhusu baba aliyekufa, kazi nzuri, na katikati ya ubeti wa nne nikajikuta naandika habari za baba yangu, ambaye alifia katika nyumba hii na hakuwa na bahari wala theluji yoyote. Mistari kumi na minane. Mwimbaji alipokuja nilimsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama naruhusu, akauimba mshororo wa kwanza, akasimama. "Hapa kaka," akasema, "huyu mzee bado umemwandika Kiingereza."

Nyimbo zake sasa ni tisa. Yeye hataki kuziandika, anasema ziko mahali salama, lakini aliniruhusu nizinakili, na nimenunua daftari la kurasa mia kwa kazi hiyo. Huja Alhamisi jioni akitoka mazoezi ya kwaya. Yeye huimba, mimi huandika, kisha namsomea naye hurekebisha. Juu ya kila ukurasa liko jina lake. Penye ile mizani mitatu ya ubeti wa mwembe hatukukubaliana mara moja tuweke alama gani. Nilipendekeza kistari, akasema kistari ni kitu, na pale hakuna kitu. Tukaacha karatasi nyeupe, upana wa vidole viwili, baada ya "nenda" na kabla ya "mgeni."